Makopo Arobaini ya Mrehani

Wifi yangu Hulda ni mtu wa mpangilio. Nalisema hili mapema ili asitokee wa kudhani kwamba yaliyotokea yalitokana na uzembe. Mzembe ni mimi. Kwa Hulda hata vijiko vinalala upande mmoja, na akifua huanika nguo kwa kufuata ukubwa, kuanzia suruali za kaka yangu Rodrick mpaka soksi za watoto. Kaka alimwoa akamtoa Njombe, miaka tisa sasa, akaja naye hapa Kitandililo, kando ya mji wa Makambako, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiona mchafu ndani ya boma la baba yangu mwenyewe.

Kwao ni Matamba, kule juu Makete, na baba yake alikuwa akipanda viazi vya mbegu. Alikuwa na aina nne, kila aina na matuta yake, hii kando ya ile, na kijiti chenye alama kichwani mwa tuta. Kiazi hakina maneno. Ukipanda chekundu unavuna chekundu, ukipanda cheupe unavuna cheupe, hata kama majani yao yamelaliana msimu mzima. Huo ndio ulimwengu aliokulia Hulda: kila kitu hubaki kilivyo, mradi umekipanga safu na kukitia alama.

Kabla ya kuolewa alifanya kazi miaka sita katika jiko la misheni moja karibu na Njombe, chini ya mpishi mkuu aliyeitwa Mama Teodora. Mama huyo alifundishwa kupika na sista mmoja wa Kizungu ambaye alizikwa hukohuko, na alichoachiwa na sista si fedha wala cheti, ni mbegu za mrehani. Ulikuwa mrehani wa majani mapana, laini, yaliyobinuka kidogo katikati. Kila mwaka Mama Teodora alipanda, akaacha mashina mawili yachanue, akavuna mbegu, akazifungia. Alifanya hivyo miaka thelathini na mmoja. Wasichana wa jikoni aliwafundisha mchuzi wake bila choyo: nyanya zilizomenywa, kitunguu saumu, mafuta, chumvi, halafu majani yachanwe kwa vidole, si kwa kisu, na yaingie sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Mbegu hakumpa mtu.

Miaka miwili iliyopita magoti yalimshinda. Akaacha kazi, akahamia kwa mwanawe Wiliam, pembeni ya mji wa Njombe. Wiliam, kama kila mwenye kipande cha ardhi Njombe siku hizi, alikuwa amepanda maparachichi mpaka mlangoni. Pale palikuwa na kivuli, na palikuwa na baridi, na mrehani hauna urafiki na baridi. Jalidi ya alfajiri moja tu, umande ukiganda, yatosha kuugeuza mweusi kama mboga iliyoungua. Basi Mama Teodora alimwita Hulda, akampa kikopo cha vidonge kilichojaa mbegu nyeusi ndogo.

"Huku zitaniishia," alimwambia. "Makambako kuna jua. Nitunzie, mpaka nitakapoziomba."

Hulda alirudi na kile kikopo mkononi, hakukitia hata kwenye mkoba. Sikuwahi kumwona mtu anafurahi hivyo kwa kupewa mzigo wa mwenzake.

Mbegu za mrehani hazipendi kuzeeka, kwa hiyo mvua zilipoanza alizipanda zote. Na kwa kuwa ni Hulda, hakuweza kuwa na aina moja. Alipata mrehani wa zambarau kwa mwalimu jirani yetu. Akapata wenye harufu ya limau kwa mama mmoja anayeuza miche sokoni. Kivumbasi cha porini tukakichimba wenyewe kando ya njia. Safu nne katika tuta moja nyuma ya nyumba, kila safu na kijiti chake chenye jina, umbali wa hatua moja kati ya safu na safu. Lilikuwa tuta zuri. Wapita njia walisimama kuliangalia.

Mimi nina mgahawa karibu na njia panda, na mwaka ule nilikula raha. Majani mapana niliyatia kwenye maharage mwishoni kabisa, na watu wakaanza kuuliza maharage ya Jenifer yana nini. Ya limau niliyaweka kwenye samaki. Ya zambarau kwenye kachumbari, kwa rangi zaidi kuliko ladha. Kivumbasi tuliachia mbu na mafua, ingawa siku moja nilikijaribu kwenye supu ya mbuzi, na mteja akaniuliza kwa upole kama kuna mgonjwa anafukizwa jikoni. Sikurudia.

Mwezi wa pili Hulda aliacha mashina ya kila safu yachanue kwa ajili ya mbegu. Nyuki walikuja kama wamealikwa. Wifi yangu alisimama pale mikono kiunoni, akitabasamu, akaniambia tazama wanavyofurahi. Nilitazama. Nami ni Mbena, nimekulia kwenye mahindi, na kila mtoto wa Kibena anajua kwamba jirani akipanda mahindi ya njano, na wewe utavuna punje za njano kwenye mahindi yako meupe. Nililijua hilo tangu sijaota meno ya utu uzima. Nikatazama zile safu nne zilizochanua pamoja, na nyuki wakitoka hii wakiingia ile, na sikuwaza kitu. Mpaka leo najilaumu. Yeye alikuwa na sababu ya kutojua, mimi sina.

Mvua zilizofuata alipanda tena, mbegu za kila safu mahali pake. Krismasi ilipokaribia, mteja wangu mmoja, dereva wa lori, aliweka kijiko chini.

"Dada Jenifer, leo maharage umeyapikia kwenye birika la chai?"

Nikaonja. Yalinuka limau. Nilikwenda nyumbani, nikaenda moja kwa moja kwenye ile safu ya Mama Teodora, nikasugua jani. Limau. Nikasugua la pili: kivumbasi, kwa mbali. La tatu lilikuwa na madoa ya zambarau kwenye mishipa yake, kama mtu aliyemwagikiwa wino. Hulda alinikuta nimechuchumaa pale. Alikuwa ameshaona, wiki nzima, na hakumwambia mtu. Aliendelea kuniletea majani yale yale kila asubuhi, akimwomba Mungu pua yangu iwe mbovu.

Bwana shamba wa kata yetu, Elius, hula kwangu mchana. Nikamleta. Alitembea kati ya safu mikono nyuma, kama wanavyotembea mabwana shamba wote, kisha akasema mirehani imechavushana.

"Lakini nilipanda safu!" Hulda alisema.

"Nyuki hasomi vijiti, mama."

"Viazi havifanyi hivi."

"Kiazi unapanda kiazi chenyewe. Hapa umepanda mbegu ya ua. Ua lina baba, na baba anaweza kuwa yeyote aliye jirani."

Lilikuwa jambo la kuchekesha, na Elius alicheka. Hulda aliingia ndani akafunga mlango. Kaka yangu alimkuta usiku kakaa kitandani na kile kikopo tupu, akilia. Rodrick ni fundi magari, akakiangalia kikopo kama kifaa kilichoharibika, akamwuliza kwani kimepasuka wapi.

Mwezi wa pili simu ililia. Mama Teodora. Wiliam alikuwa amekubali kumtobolea dirisha upande wa jua na kumwekea ubao wa kuegesha makopo. Akasema: Pasaka niletee miche yangu miwili. Tena alisema anaiota. Mimi nilikuwa hapo, nikamsikia Hulda akijibu, "Ndiyo, mama. Nitaileta." Alipokata simu hakuniangalia.

Ile "ndiyo" ndiyo iliyomtesa kuliko nyuki wote. Alikuwa amepewa amana, ameipoteza, na sasa ameahidi kuirudisha.

Elius alimpa tumaini moja. Alisema ua la mrehani mara nyingine hujichavusha lenyewe, kwa hiyo katika mbegu zile zilizochanganyika huenda mojamoja imebaki safi. Zipande zote, alisema, ung'oe zisizofanana. Kazi hiyo Hulda aliijua. Kwa baba yake kila msimu walipita kwenye matuta ya mbegu wakang'oa kila shina lililopotoka. Akapanda mbegu zote zilizobaki za safu ya Mama Teodora. Ikaota miche mia na zaidi. Akang'oa yenye zambarau, akang'oa yenye majani membamba, yenye manyoya, yenye shina jekundu. Ikabaki miche arobaini, akaihamishia kwenye makopo arobaini: ya nyanya, ya maziwa, ya rangi. Kwa macho yote ilikuwa mrehani wa Mama Teodora. Tofauti ilikuwa harufu tu.

Tukanusa. Jioni tatu tulinusa, mimi na yeye, kopo kwa kopo. Jani la kwanza unalijua. La kumi unabishana nalo. Kufika la kumi na tano pua imekufa, hata sabuni ingekunukia mrehani. Alichosema yeye ndiyo, mimi nikasema siyo, na kesho yake kila mmoja akageuza maneno. Ukweli ni kwamba harufu ile ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja tu duniani, naye ndiye aliyekuwa hapaswi kujua.

Na muda ulikuwa hautungoji. Vikonyo vya maua vilianza kuchomoza. Vikichanua, nyuki watarudi kazini, na hata ule mmoja ulio safi, kama upo, mbegu zake zitaharibika tena.

"Wifi," nikamwambia, "yule mama wa sokoni anauza mrehani wa majani mapana, mzuri. Chukua miwili. Ni mzee, amekaa miaka miwili bila kuunusa. Atajuaje?"

"Njia ya mwongo fupi."

"Njombe nayo si mbali."

Hakucheka. Nilinunua ile miche miwili hata hivyo, kwa hela yangu, nikaipanda kwenye makopo ya maziwa yaliyooshwa yakang'aa. Sijutii. Mtu akimpenda mwenzake, mara nyingine humfanyia ujinga.

Jumamosi ya kabla ya Jumapili ya Matawi Hulda aliniamsha. Alikuwa ameyapanga makopo arobaini kwenye masanduku manne, kumi kumi, na kuyafunika kwa gunia na kanga. Rafiki wa Rodrick alikuwa anapeleka matairi Njombe kwa pikapu. Nikamwuliza anataka kufanya nini. Akasema mficha uchi hazai. Nikachukua vikopo vyangu viwili vinavyong'aa, nikavipakata mbele. Nilisema moyoni kwamba ujasiri wake ukimwishia njiani, nitakuwa na cha kumsaidia.

Baridi ilianza kutuuma kabla hatujafika mjini, na Hulda akasimamisha gari mara mbili kwenda kuangalia kama gunia halijapeperuka.

Mama Teodora alikuwa amekaa kwenye kiti nje, mahali pekee ambapo maparachichi yaliruhusu jua. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono mikubwa, na kitambaa cheupe kichwani kama bado yuko kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene. Karibuni, karibuni." Alitusalimu kwa Kibena, lakini macho yake yalikuwa tayari kwenye mikono yangu. "Hiyo ndiyo?"

Hulda alikuwa bado anashusha masanduku. Nikampa kopo. Alisugua jani kwa kidole gumba, akaleta puani, mara moja tu.

"Mrehani mzuri," alisema. "Ni wa nani?"

"Wako, mama," nikasema mimi.

Alimtazama Hulda, na Hulda, aliyekuwa amebeba sanduku la pili, aliliweka chini, akapiga magoti kwenye udongo mbele ya kile kiti. Alisema yote. Safu nne, nyuki, maharage yaliyonuka limau, mbegu zilizokwisha. Alisema na lile la kopo langu, kwamba ni la sokoni. Hakunitaja, lakini nilijisikia kama nimevuliwa nguo.

Kuku walipita. Ndani Wiliam alikuwa amewasha redio, halafu akaizima.

"Miaka thelathini na mmoja," alisema Mama Teodora mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Na kwenye simu uliniitikia."

"Niliogopa."

"Mimi nilimwambia Wiliam anitobolee ukuta." Sauti yake haikupanda, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ukuta wa matofali, Hulda. Kwa sababu uliniitikia."

Hulda alilia. Mama Teodora hakumbembeleza. Alimwacha alie, kisha akaomba maji ya kunawa, bila sabuni. Akanawa, akafuta mikono kwenye nguo yake, akasema, "Lete hayo makopo. Moja moja."

Nimeshapika miaka kumi na saba na sijaona mtu akifanya kazi vile. Aliliweka kila kopo magotini, akachagua jani la tatu kutoka juu, la tatu kila mara, akalisugua, akanusa mara moja. "Siyo." Kopo likaenda kulia. Kila baada ya makopo matano alizika pua kwenye kiwiko chake mwenyewe, kwa ndani, akavuta pumzi pale, pua ikapumzika, akaendelea. Jambo dogo kama hilo, na sisi tulikuwa tumeumia jioni tatu.

"Siyo. Siyo. Huu una limau. Siyo. Hiki ni kivumbasi kimevaa nguo za wenyewe. Siyo."

Kumi yakaisha. Ishirini yakaisha. Hulda alikuwa anampa makopo kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkwe chakula, na kila "siyo" ilimwinamisha zaidi. Nikaanza kuhesabu yaliyobaki badala ya yaliyopita.

Kopo la ishirini na sita lilikuwa la rangi, limeandikwa kijani upande mmoja. Mama Teodora alisugua jani, akanusa, na mkono wake haukushuka. Akanusa tena. Alichuma jani la pili, akalitia mdomoni, akalitafuna kwa meno ya mbele taratibu sana. Alifumba macho. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika, na nikajikuta na mimi nalia, mimi niliyekuja na vikopo vya uongo.

"Ni huu," alisema.

Hulda alinyoosha mikono. Mama Teodora aliliweka kopo lile upande wa kushoto, kwenye kiti, kati ya paja lake na mkono wa kiti, mahali ambapo mtu mwingine asingeweza kulifikia bila kumgusa.

"Endelea."

Kumi na nne yaliyobaki hayakuwa na kitu. Mmoja katika arobaini.

Hulda aliyapanga makopo yaliyokataliwa, kumi kumi, sanduku la mwisho likawa na pengo. Kisha akauliza, akiangalia pengo lile na si mwenye kiti, kama anaweza kwenda na ule mmoja, ili auzalishe. Aliapa kuupanda peke yake, mbali na chochote chenye ua.

"Huu unabaki hapa," alisema Mama Teodora.

"Ndiyo, mama."

Hulda hakuomba tena. Niliona jambo hilo linavyomwingia. Mbegu imeokolewa, yeye ndiye aliyeipoteza na yeye ndiye aliyeileta, na haitakuwa yake tena. Kama angetukanwa ingekuwa nafuu.

"Na hii mingine?" nikauliza.

"Mingine ni chakula. Nyanya zipo. Makaroni Wiliam atanunua."

Tulipika kwenye jiko la mkaa pale pale nje. Hulda alimenya nyanya, mimi nikaponda kitunguu saumu, na Mama Teodora alituongoza kutoka kwenye kiti, kopo bado liko ubavuni. Sufuria ilipoepuliwa Hulda alichana majani kwa vidole, limau na kivumbasi na vyote visivyo na jina, hata yale ya vikopo vyangu, mpaka sufuria ikawa kijani. Tulikula. Wiliam aliongeza mara mbili, naye hakujua kwamba kuna lolote la kujua. Mama Teodora alikula sahani yake akaimaliza.

"Ni mchuzi," alisema. "Hauna ukoo, ila ni mchuzi."

Pikapu ilipiga honi barabarani. Tulibeba masanduku yaliyojaa mashina matupu, tukaaga. Nilikuwa nimeshavuka mstari wa kwanza wa maparachichi nilipomsikia akiita.

"Hulda."

Alirudi. Mama Teodora alilichukua lile kopo la kijani, akalizungusha, akatafuta, na mche ule ulikuwa mdogo, haukuwa na majani ya kugawa. Alichuma moja. Aliliweka kwenye kiganja cha Hulda na kuvikunja vidole vyake juu yake kwa mkono wake ule mkubwa.

"Nilikupa mbegu kabla sijakupa pua," alisema. "Hilo lilikuwa kosa langu. Nusa mpaka uijue harufu yake. Ukiisahau, rudi."

Tulikaa mbele, watatu pamoja na dereva. Hulda alikunja ngumi, akaiweka chini ya pua, na kila tulipopita shimo alishikilia kifundo cha mkono kwa mkono wa pili. Tulipoanza kuona taa za Makambako nilimwomba ninuse na mimi, kidogo tu.

Alinikatalia.